Mpira Mdogo, Breki Nzito: Namna ya Kufunga Mipira ya Ombwe katika Injini za Turbo

Gari la wagonjwa linapopanda mlima likiwa na mgonjwa ndani, na ghafla likaishiwa nguvu, mtuhumiwa wa kwanza huwa ni turbo. Gari huingizwa gereji, turbo hufunguliwa, na mara nyingine hununuliwa nyingine kwa fedha ambazo zingetosha kulihudumia gari hilo kwa miezi kadhaa. Baada ya gharama zote hizo gari hurudi barabarani na udhaifu wake uleule, kwa kuwa turbo haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa katika mpira mwembamba, unene wake kama penseli, uliochomoka mahali pake au uliopasuka mahali ambapo macho hayafiki kwa urahisi.

Mipira hiyo, ambayo mafundi wengi huiita paipu za vakyumu, ipo katika karibu kila gari linalotoa huduma wilayani: magari ya wagonjwa, pikapu za usimamizi wa miradi, magari ya kusambaza dawa, pamoja na magari ya watu binafsi. Hugharimu kidogo sana ikilinganishwa na vipuri vingine. Kwa sababu hiyo hupewa heshima ndogo, na hufungwa kwa chochote kinachopatikana: waya wa kufungia nondo, kipande cha tyubu ya baiskeli, hata uzi. Hata hivyo ndiyo inayobeba nguvu za breki, utii wa turbo na, katika baadhi ya magari, uwezo wa kutoka kwenye tope. Makala haya yanaeleza kazi ya mipira hiyo, sababu za kuchomoka kwake, na namna ya kuifunga ikakaa.

Kinachosukuma ni hewa ya nje

Ombwe ni mahali palipoondolewa hewa, ama yote au sehemu yake. Watu husema kuwa ombwe huvuta, lakini kwa hakika halivuti kitu. Hewa inayotuzunguka ndiyo inayosukuma kuelekea mahali penye hewa pungufu. Katika usawa wa bahari hewa hiyo husukuma kila sentimita ya mraba kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 1. Mtu haihisi kwa kuwa humsukuma pande zote sawasawa. Otto von Guericke, aliyekuwa meya wa mji wa Magdeburg nchini Ujerumani katika karne ya 17, aliwadhihirishia watu jambo hili kwa kukutanisha mabakuli mawili makubwa ya shaba, kuondoa hewa iliyomo kwa pampu, kisha kuwafunga farasi pande zote mbili ili wayatenganishe. Farasi walitaabika sana kwa mabakuli ambayo hayakuwa na gundi wala skrubu, yaliyoshikwa na hewa ya nje peke yake.

Busta ya breki hufanya kazi kwa kanuni hiyohiyo. Ni kile chombo cha duara, mfano wa sufuria mbili zilizofunikana, kilichopo kati ya pedali na tanki dogo la mafuta ya breki. Ndani yake kuna kiwambo cha mpira. Upande mmoja wa kiwambo huondolewa hewa; dereva anapokanyaga pedali, hewa ya nje huruhusiwa kuingia upande wa pili, nayo hukisukuma kiwambo na kuongeza nguvu juu ya ile ya mguu. Kiwambo chenye kipenyo cha sentimita 25, kikiondolewa sehemu nne kati ya tano za hewa upande mmoja, kinaweza kusukumwa kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 400. Hakuna mguu wa binadamu unaoweza kutoa msaada wa namna hiyo.

Hapa wakazi wa nyanda za juu wana jambo la ziada la kuzingatia. Kadiri mahali palivyo juu, ndivyo hewa ya nje inavyopungua nguvu. Mjini Mbeya, ambako ni zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, hewa husukuma kwa nguvu iliyopungua kwa karibu moja ya tano ikilinganishwa na ile ya pwani. Busta ileile iliyotoa kilo 400 Tanga itatoa karibu kilo 330 huko juu, hata ikiwa nzima kabisa. Kwa hiyo mpira unaovuja kidogo, ambao dereva wa pwani angeuvumilia bila kuhisi tofauti, huwa tatizo la wazi kwa dereva anayeteremka Kitonga au anayeshuka kutoka Lushoto kwenda Mombo. Barabara zenye uhitaji mkubwa wa breki ndizo zilizopo mahali ambapo ombwe lina msaada mdogo.

Ombwe lenyewe hupatikana kwa njia mbili. Injini ya petroli hulitengeneza bila kukusudia: dereva anapoondoa mguu kwenye pedali ya mafuta, njia ya hewa hufungwa huku pistoni zikiendelea kunyonya, na ndani ya manifoldi ya kuingizia hewa mgandamizo hushuka hadi karibu theluthi moja ya ule wa nje. Injini ya dizeli kwa kawaida haifungi njia ya hewa kwa namna hiyo, kwa hiyo hupewa pampu maalumu ya ombwe, ambayo katika magari mengi hukaa nyuma ya alteneta au huendeshwa na shafti ya kamu. Land Cruiser ya hardtop yenye injini ya 1HZ, inayofahamika sana kama gari la wagonjwa, haina turbo kutoka kiwandani, lakini ina pampu ya namna hii. Yote yatakayosemwa kuhusu mpira wa breki yanaihusu pia.

Mpira mmoja, nyuso mbili

Turbo ni feni mbili zilizo katika ekseli moja. Moshi unaotoka katika injini huzungusha ya kwanza, na ya pili husukuma hewa nyingi zaidi kuingia katika silinda. Wazo hilo lilipewa hataza mwaka 1905 kwa Alfred Büchi, mhandisi wa Uswisi, na leo ni nadra kukuta pikapu mpya ya dizeli isiyokuwa nayo.

Katika injini ya petroli isiyo na turbo, mpira uliounganishwa na manifoldi hukaa katika ombwe wakati wote. Hewa ya nje huubana, huusukumia kwenye kijibomba chake, na hata usipofungwa kwa klipu yoyote huweza kukaa miaka mingi. Mafundi waliojifunzia kazi katika injini za zamani wamezoea hali hiyo, na mazoea hayo ndiyo chanzo cha makosa mengi. Katika injini ya petroli yenye turbo, kama zile za baadhi ya Subaru Forester, mpira huohuo huwa na nyuso mbili. Injini inapounguruma taratibu, mpira hunyonywa. Dereva anapokanyaga mafuta, manifoldi hujaa hewa yenye mgandamizo unaoweza kuuzidi ule wa nje kwa nusu bar hadi bar 1, na mpira husukumwa kutoka ndani. Mpira uliojishikilia wenyewe wakati gari limesimama gereji hujisukuma nje wakati gari linapanda mlima. Fundi atafungua boneti, atausikiliza, atautikisa na kuuona mzima. Dereva atarudi siku ya pili na lalamiko lilelile.

Ni vyema kufahamu ukubwa wa nguvu hizo, kwa kuwa ndizo zinazoamua aina ya klipu. Kwa mgandamizo wa bar 1, mpira wenye tundu la milimita 4 husukumwa kutoka mahali pake kwa nguvu ya takribani gramu 130 tu. Mpira wa busta wenye tundu la milimita 10 husukumwa kwa karibu gramu 800. Lakini bomba kubwa la milimita 60 linalopeleka hewa kwenye kipoza-hewa, kile ambacho mafundi hukiita intakula, husukumwa kwa karibu kilo 29, sawa na zaidi ya nusu ya mfuko wa saruji. Anayelifunga bomba hilo kwa waya anajidanganya. Vilevile anayeufunga mpira wa milimita 4 kwa klipu nene ya skrubu anatumia nguvu pasipohitajika, na kwa kawaida huukata.

Hitilafu moja, matokeo kinyume

Sehemu inayowachanganya wengi ni namna turbo inavyoongozwa. Turbo isiyokuwa na kizuizi ingeweza kuijaza injini hewa kupita kiasi na kuivunja. Hivyo huwekewa kiwambo kidogo chenye fito, kinachopokea amri kupitia mpira mwembamba. Lakini amri hiyo si ya namna moja katika magari yote.

Katika mfumo wa kwanza, fito husukumwa na mgandamizo wa turbo yenyewe na kufungua mlango wa kupitishia moshi pembeni. Mpira ukichomoka, amri haifiki, mlango unabaki umefungwa, na turbo inaendelea kupandisha mgandamizo bila kikomo. Gari huonekana lina nguvu za ajabu kwa sekunde chache, kisha kompyuta yake hukata mafuta ili kuiokoa injini. Dereva huhisi kama gari limegonga ukuta laini. Gari lisilo na ulinzi wa kompyuta halikati kitu, na hapo gharama huwa ni gasketi ya silinda hedi au pistoni.

Katika mfumo wa pili, unaotumika katika baadhi ya pikapu za dizeli zenye turbo ya mapezi yanayogeuka, fito huvutwa kwa ombwe kutoka kwenye pampu. Mpira ukichomoka, mapezi hurudi katika hali ya kupumzika na turbo haitoi msukumo wa kutosha. Gari huwa zito, hutoa moshi mweusi likikanyagwa, na hushindwa kupanda mlima kwa gia iliyozoeleka. Hili ndilo gari linalobadilishiwa turbo bila sababu.

Kwa hiyo fundi anayesikia kuwa gari halina nguvu anapaswa kujua kwanza turbo iliyopo ni ya mfumo gani, kabla ya kuagiza kipuri chochote. Pampu ndogo ya mkono yenye geji hutoa jibu kwa dakika chache: huunganishwa na kiwambo, fundi hupampu, na fito inapaswa kusogea kisha kusimama palepale bila sindano ya geji kurudi. Fito ikisogea na kusimama, kiwambo ni kizima, na uchunguzi uhamie kwenye mipira na vali za umeme zinazoiongoza. Gereji nyingi ndogo hazina pampu hiyo, ingawa bei yake ni ndogo ukilinganisha na hasara ya turbo moja iliyobadilishwa kimakosa.

Ombwe lina watumishi wengine pia. Katika baadhi ya magari ya magurudumu manne, ndilo linalounganisha ekseli ya mbele dereva anapochagua kutumia magurudumu yote. Mpira ukitoka, taa ya kwenye dashibodi huendelea kumetameta na gari hubaki likisukumwa na magurudumu ya nyuma pekee, jambo linalogunduliwa kwa kawaida gari likiwa tayari limezama. Na katika Mercedes za dizeli za zamani ombwe ndilo linalozima injini. Dereva wake huchomoa ufunguo, na injini ikaendelea kuunguruma kama kwamba hakuna lililotokea.

Kwa nini mipira huchomoka

Joto ni adui wa kwanza. Nyumba ya turbo upande wa moshi huweza kupita nyuzi 600 za Selsiasi injini inapobeba mzigo, na mpira unaopita karibu nayo hukauka kama ngozi iliyoachwa juani. Ncha iliyokauka haibani tena. Imeshika umbo la kijibomba na kulegea. Adui wa pili ni mafuta ya injini, ambayo huufanya mpira wa aina isiyo sahihi kuvimba na kuwa laini kama uji. Wa tatu ni mtikisiko: injini hucheza juu ya vikalio vyake kila inapowashwa na kuzimwa, na mpira uliokatwa mfupi mno huvutwa kidogo kila mara hadi utoke.

Lakini sababu inayoonekana mara nyingi zaidi ni mkono wa binadamu. Mpira huchomolewa ili kupisha kazi nyingine, kisha hurudishwa bila klipu yake, au hurudishwa nusu. Mpira ulioingia nusu hushika gereji na kuachia mlimani.

Ipo pia mipira ya kubahatisha. Mrija wa dripu ya hospitali huvutia kwa kuwa unapatikana na unapitisha mwanga, lakini plastiki yake hulainika kwa joto na kujifunga. Mpira wa mafuta hutumika mahali pa mpira wa ombwe na mara nyingine huvumilia, ila ukiwa laini hubana ndani kama mrija wa soda unaonyonywa kwa nguvu. Mipira ya silikoni yenye rangi za kuvutia hustahimili joto vizuri sana. Hata hivyo yenye kuta nyembamba haifai kwenye ombwe kali, na silikoni ya kawaida haipendi mafuta ya injini wala petroli. Mpira unaofaa huandikwa matumizi yake ubavuni, na una kuta nene kiasi cha kutobanika kwa vidole kwa urahisi. Kwa mpira wa busta hakuna nafasi ya kujaribu: ununuliwe ule uliotengenezwa kwa kazi ya breki, wenye kipimo sahihi.

Klipu gani, mahali gani

Klipu ya springi, ile inayofunguliwa kwa kubana masikio yake mawili kwa koleo, hudharauliwa kwa kuonekana dhaifu. Kwa mipira midogo na ya kati ndiyo bora kuliko zote. Mpira hutanuka ukipata joto na kusinyaa ukipoa. Springi huufuata katika hali zote mbili bila mtu kuikaza upya. Klipu ya skrubu haiufuati. Ikikazwa gari likiwa la moto hulegea likipoa, na ikikazwa mno, meno yake huukata mpira. Katika mpira wa milimita 4 au 6 klipu hiyo haiwezi hata kuwa duara kamili. Hubana pande mbili na kuacha mwanya katika nyingine. Nafasi yake ni kwenye mipira mikubwa, na kwenye mabomba ya intakula ni vyema ikawa ile pana inayokazwa kwa bolti na nati.

Vifungo vya plastiki vyenye meno vina matumizi yake: kuushikilia mpira kwenye njia yake ili usiguse ekzosi au feni. Kuvitumia badala ya klipu kwenye mpira mwembamba ulio mbali na joto si dhambi, na watengenezaji wengine wa magari huacha mipira midogo bila kifungo chochote. Lakini nailoni ya kawaida hutengenezwa kustahimili takribani nyuzi 85 za Selsiasi, na karibu na turbo hukauka na kukatika. Waya haufai popote. Hubana kwa mstari mwembamba, hukata mpira taratibu, na huficha jeraha chini yake.

Kazi yenyewe huanza injini ikiwa imezimwa na kupoa. Kabla ya kuchomoa chochote, mahali pa kila mpira pawekewe alama au papigwe picha kwa simu. Magari mengi yana mchoro wa mipira hiyo kwenye stika iliyobandikwa chini ya boneti. Mchoro huo usibanduliwe wala kupakwa rangi wakati wa kunyoosha bodi, kama inavyotokea mara kwa mara. Mpira hubadilishwa mmoja baada ya mwingine. Anayechomoa mitano kwa pamoja akitegemea kumbukumbu hukaribisha tatizo jipya juu ya lile la zamani.

Mpira uliogandia usivutwe kwa koleo. Kijibomba cha plastiki huvunjika kwa urahisi, na kipande kidogo hicho huweza kulazimu kununua vali nzima. Ni bora kuupasua mpira kwa wembe kwa urefu wake, polepole, bila kukikwaruza kijibomba, kwa kuwa mkwaruzo huo utavujisha hata mpira mpya. Ikiwa mpira ni mzima isipokuwa ncha yake, na urefu unaruhusu, sentimita moja ikatwe kwa wembe mkali, mkato ulionyooka, kisha urudishwe. Ndani ya baadhi ya mipira mna kipande kidogo cha shaba au plastiki chenye tundu jembamba mno. Si uchafu. Kimewekwa kupunguza kasi ya hewa, na ni lazima kihamishiwe katika mpira mpya.

Kijibomba kifutwe kwa kitambaa kikavu. Grisi na mafuta visitumike kurahisisha kuingiza, kwa sababu vitarahisisha pia kutoka. Maji kidogo yanatosha. Silikoni ya kuzibia nayo isipakwe, maana vipande vyake hunyonywa hadi kwenye vali. Klipu ivishwe kwanza kwenye mpira, kisha mpira usukumwe mpaka upite ukingo uliovimba wa kijibomba na kufika mwisho wake. Klipu isogezwe ikae nyuma ya ukingo huo, si juu yake, ikiacha milimita chache kabla ya ncha ya mpira. Hapa ndipo penye siri yote ya kufunga: ukingo ndio unaozuia mpira usitoke, na klipu huuzuia mpira usiupande ukingo. Klipu iliyokaa juu ya ukingo huteleza na kuusukuma mpira nje badala ya kuushika.

Kwenye mpira wa busta mna vali ya njia moja, mara nyingi yenye mshale. Mshale huelekea kwenye injini au kwenye pampu ya ombwe, kule hewa inakokwenda. Katika injini ya petroli yenye turbo vali hiyo ndiyo pia inayozuia hewa ya turbo isiingie ndani ya busta. Ikipulizwa kwa mdomo ikapitisha pande zote mbili, ibadilishwe.

Kupima kwa mguu

Jaribio la breki halihitaji kifaa, na kila dereva anaweza kulifanya asubuhi kabla ya safari. Injini ikiwa imezimwa, pedali ikanyagwe mara kadhaa mpaka iwe ngumu, kisha ishikiliwe kwa mguu na injini iwashwe. Pedali inapaswa kushuka kidogo yenyewe. Isiposhuka, ombwe halifiki kwenye busta. Baada ya hapo, injini ikiwa inaunguruma, pedali ikanyagwe na kushikiliwa, injini izimwe, na dereva ahesabu sekunde 30. Pedali ikianza kuusukuma mguu juu, kuna mahali panapovuja.

Kwa mabomba ya turbo, maji ya sabuni yakipakwa kwenye maungio, mbali na sehemu za moto, hutoa mapovu panapovuja wakati mtu mwingine akikanyaga mafuta. Mtindo wa kupuliza petroli juu ya mipira ili kusikia kama mlio wa injini unabadilika umeunguza magari, na hauna nafasi karibu na turbo.

Ikiwa hitilafu itatokea njiani, dereva atofautishe pedali iliyolainika na pedali iliyokuwa ngumu. Pedali laini inayozama huashiria tatizo la mafuta ya breki, na hapo kupampu haraka kunaweza kusaidia. Pedali iliyokuwa ngumu ghafla huashiria kukosekana kwa ombwe, na kupampu ni kosa kubwa, kwani kila mkanyago hutumia akiba ndogo iliyobaki ndani ya busta. Breki zenyewe bado zipo. Kilichopotea ni msaada. Dereva akanyage mara moja, kwa nguvu zote, ikibidi kwa miguu miwili, bila kuachia, ashushe gia, na asizime injini. Breki ya mkono ivutwe taratibu.

Gari la umma lililopata dalili hizi liandikwe katika daftari lake na lipelekwe kwenye matengenezo kwa utaratibu uliopo wa Wakala wa Ufundi na Umeme, TEMESA. Maelezo yanayomsaidia fundi ni yale mahususi: pedali iligeuka ngumu au laini, gari lilikosa nguvu tangu mwanzo wa mlima au lilikatika ghafla, moshi ulikuwa wa rangi gani, na ni kazi gani iliyofanyika chini ya boneti kabla ya hapo. Mpira uliokutwa umefungwa kwa waya au tyubu nao uandikwe, hata kama gari linatembea vizuri. Na baada ya mpira mpya kufungwa, klipu zote zikaguliwe tena mara gari linaporudi kutoka safari yake ya kwanza yenye mzigo, injini ikiwa imepoa.